Mashine Iliyojua Inapimwa

Tarehe 4 Machi

Mke mwenzangu,

Miguu yako imekatwa, au njia ya kuja kwangu imeota majani? Usinijibu kwamba una kazi. Kila mtu ana kazi. Hata huyu kinyozi anayeniandikia barua hii ana kazi, na mteja wake amekaa kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na wa pili bado, anasubiri nimalize kukusema. Basi atasubiri mpaka huu ulionyolewa uote upya.

Tangu mvua zile zilizopita sijauona uso wako. Ulikuja, ukanywa chai umesimama, ukaiangalia saa kuliko ulivyoniangalia mimi, ukaondoka. Mjomba wako ananiambia siku hizi unalala kazini, eti unapima mashine. Mashine gani hiyo isiyopimika mchana? Ina ndevu? Kama ni mwanamume sema ni mwanamume, nianze kuuliza kwao ni wapi na mama yake ana roho gani. Usijifiche nyuma ya mashine.

Na usiniambie nikupigie simu. Ile simu aliyoninunulia mjomba wako nimeifungia kabatini. Kila nikikubana kwenye simu unasema mtandao mbaya. Barua haina mtandao. Naiweka chini ya mto, na nikikushuku namrudishia Kinyozi anisomee tena, nasikiliza pale ulipojikwaa.

Mimi ni mzima. Juzi watu wa mafuriko walipiga king'ora cha majaribio, wakatuambia sote wa huku bondeni tupande hadi shule ya juu. Nilifika na wale wa kwanza. Nikakaa kwenye ngazi nawacheka vijana wanavyohema. Kwa hiyo mwambie mjomba wako aache kukipaka rangi kile chumba chake cha uani. Nyumba yangu sihami.

Nijibu upesi, na uandike ukweli, maana nitaujua tu.

Bibi yako

(Imeandikwa na Kinyozi kama alivyosema, isipokuwa neno moja nililoliacha kwa heshima ya mteja.)


Tarehe 12 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikaona aibu. Unayo haki ya kunisema. Sina mwanamume. Nina mashine, na haina ndevu, ina feni, tena zenye kelele kiasi kwamba tukitaka kuongea chumbani humo tunatoka kwenye korido.

Sikuwahi kukueleza vizuri ninachofanya, na kosa ni langu. Kituo chetu ndicho kinachoamua king'ora chenu kilie lini. Huko mto unakoanzia kuna vyombo vinavyopima mvua na kina cha maji. Habari hizo zinatufikia, halafu kompyuta inapiga hesabu: maji haya yatafika wapi, yatapanda kiasi gani, yatawakuta saa ngapi. Hesabu zenyewe ni nyingi mno, na kompyuta zetu ni kuukuu. Mwaka jana jibu lilitoka wakati maji yameshaingia kwako na wewe umeshapanda juu ya meza. Sijasahau meza ile. Ndiyo sababu kituo kinataka kununua mashine mpya.

Sasa, ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo bapa, kama biskuti, kinaitwa prosesa. Hicho ndicho kinachopiga hesabu zote. Kampuni moja imetuletea ya kwake tuijaribu, na mimi ndiye ninayeipima. Iko mitihani inayojulikana na watu wote wa kazi hii. Unaipa prosesa mlundo wa milinganyo iitatue, unaipa hesabu za mwendo wa upepo, za joto linavyosambaa ndani ya chuma, halafu unaangalia imetumia muda gani. Hii imefaulu yote. Imewaacha wenzake mbali. Mkuu wangu amefurahi, ripoti ya kuikubali ameshaiandaa, kilichobaki ni saini yangu.

Lakini Bibi, roho yangu haijatulia. Imefaulu mno. Mtihani wa asubuhi, mtihani wa jioni, haiyumbi. Sijawahi kuona mashine isiyokuwa na siku mbaya. Nataka kwanza niipe programu yetu wenyewe, ile ya mto wenu, ndipo nitie saini. Katika chumba cha mashine tuko wawili tu, mimi na mwenzangu tunayemwita Mpole kwa kuwa hajawahi kupandisha sauti. Yeye hunipikia chai nikizidiwa.

Nami nina swali. King'ora kikilia, unafika juu kweli? Lile goti la kushoto lilikuwa linakusumbua. Usinifiche, maana hesabu zetu zinachukulia kwamba kila mtu wa bondeni anatembea.

Mjukuu wako,
Maswali


Tarehe 19 Machi

Mke mwenzangu,

Barua yako imesomwa mara mbili, mara moja kwangu na mara moja na Kinyozi kwa wateja wake, nilimkuta. Sasa dukani mwake kila anayekaa kitini anauliza habari za biskuti yako. Nimemwambia barua yangu si redio.

Nimekuelewa, ingawa umeeleza kwa kuzunguka. Biskuti inapiga hesabu, hesabu inapiga king'ora, king'ora kinanitoa mimi kitandani. Basi hiyo biskuti ni jambo langu, na nina haki ya kuishuku.

Nisikilize. Umesema inafaulu kila mtihani haiyumbi. Mwanangu, mjomba wako, alifaulu hivyo mwaka mmoja, tukachinja, tukaita watu, kumbe karatasi ya maswali alikuwa nayo chini ya godoro. Hapo kwenu kuna mtu kaiuzia kampuni maswali. Na sina haja ya kwenda mbali kumtafuta. Huyo Mpole! Mwanamume anayepika chai bila kuombwa na hajawahi kukasirika, huyo ana jambo. Babu yako, Mungu amrehemu, alianza kuniletea chai kitandani wiki ileile aliyouza mbuzi wangu bila kuniambia. Nilikunywa chai ile nikidhani ni mapenzi. Mchunguze. Mwangalie anaongea na nani, anatoka lini, anaficha mkono gani. Na chai yake mwachie aionje kwanza yeye.

Goti langu halina neno. Naruka kama mbuzi. Muulize Kinyozi.

Bibi yako

(Nimeulizwa, na nimeandika alivyosema. Sikuandika ninavyoona. Kinyozi.)


Tarehe 27 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua fupi, nimebanwa.

Nimeipa ile prosesa programu ya mto. Nilitegemea itatoa jibu kabla sijamaliza kukaa. Haikuwa hivyo. Imeizidi mashine yetu kuukuu kidogo tu, kiasi ambacho wewe ukiwa bondeni usingekiona. Nikaipa tena ile mitihani inayojulikana: ikapaa kama mwanzo. Nikarudia mto: ikajikokota. Mkuu anasema mto wetu umeandikwa vibaya, nitie saini tusonge mbele.

Nimefikiria uliyosema. Jana nilimwona Mpole getini anaongea na mtu wa ile kampuni, wanacheka. Aliponiona akanyamaza. Na kwenye mashine nimekuta mtu amefungua faili zangu za mtihani wakati sipo, na wenye ufunguo wa chumba kile ni sisi wawili. Nimeanza kufunga droo. Chai nimesema tumbo linanisumbua.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 5, kwa basi la asubuhi. Nimesoma kile alichoandika Kinyozi chini ya barua yako. Nataka nikuone ukipanda kwa macho yangu.

Maswali


Tarehe 8 Aprili

Mke mwenzangu,

Haya. Umekuja, umeona, umeridhika, nami nimefurahi, ingawa umekonda na hilo gauni halikukaa. Ulikuta nini? Ulinikuta wapi? Hukunikuta kitandani. Hukunikuta mlangoni. Ulishuka kwenye basi, ukaja mbio hadi nyumbani, ukaambiwa bibi yako ameshatangulia juu. Ukapanda, ukanikuta nimekaa kwenye ngazi za shule, kanga zimenyooka, hata jasho sina. Wewe ndiye uliyekuwa unahema! Nikakupa maji. Sema nani alimngoja mwenzake.

Ulitaka tushuke pamoja, nikakuambia niache nipige soga na wamama wa juu, wewe utachelewa basi. Usije ukaanza kulifikiria hilo. Mtu mzima ana mazungumzo yake.

Mjomba wako umwambie ulivyoona. Umwambie kwa maneno yako, siyo yangu, yangu hayaamini. Amekuja juzi na futi, anapima kitanda changu, eti aone kama kitaingia kwenye chumba chake. Nikamuuliza, unanipimia kitanda au jeneza? Akacheka. Mimi sikucheka.

Huyo Mpole usimwachie. Umesema mwenyewe alinyamaza alipokuona. Mbane mbele ya watu. Mwizi ukimbana faraghani anakugeuzia maneno.

Bibi yako

(Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma siku hizi. Kinyozi.)


Tarehe 21 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nimekaa muda mrefu na barua hii kabla ya kuianza.

Nilimbana Mpole. Kwenye mkutano, mbele ya Mkuu na wote, nikasema kuna mtu aliyeipa kampuni mitihani yetu, na mwenye ufunguo ni mimi na yeye. Watu wakainamisha vichwa. Mpole alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka mezani taratibu, akasema, "Dada, mitihani hiyo iko wazi kwa dunia nzima. Hakuna wa kuiba, kila mtu anayo." Akatoka. Na ni kweli, Bibi. Niliijua kweli hiyo siku zote, nilikuambia mwenyewe kwenye barua ya kwanza, na bado nikamwita mwizi.

Kesho yake tukapishana kwenye korido. Hakunisalimia. Alisema tu, bila kusimama, "Umewahi kuubadilisha jina ule mtihani?"

Nikaenda nikabadilisha. Jina tu. Hesabu ni zilezile, namba ni zilezile, ila badala ya jina lake linalojulikana nikauita Kitunguu. Kasi ikaanguka ikawa sawa na ile ya mto. Nikaurudishia jina lake, ikapaa. Nikauita Soksi, ikaanguka. Nilirudia mpaka fundi wa umeme akachungulia kuona nacheka na nani.

Ndivyo inavyofanya. Programu iliyokuja na ile prosesa inaangalia kwanza jina la kazi inayoletewa. Ikilitambua kuwa ni la mtihani, inasimamisha mengine yote, inajisukuma hadi kwenye joto ambalo isingeweza kulibeba siku nzima, na inatumia njia za mkato zilizotayarishwa kwa hesabu ile moja tu. Ikiletewa kazi isiyoijua, kama mto wenu, inarudi kuwa yenyewe. Haikuibiwa maswali. Inajua tu lini inatazamwa. Nilimuuliza mtu wa kampuni, akasema huo ni mpangilio wa kawaida, hawajavunja sheria yoyote.

Mpole ndiye aliyekuwa anafungua faili zangu. Alikuwa anarudia vipimo vyangu kimyakimya kwa kuwa naye alishuku, na pale getini alikuwa anamchekesha yule mtu ili amchote maneno. Aliponiona alinyamaza kwa kuwa mtu wa kampuni alikuwa anakaribia kusema. Nimemwomba radhi. Amesema sawa, kwa sauti ileile ya upole. Lakini chai hapiki tena. Sasa namletea mimi, anainywa akiangalia ukuta.

Mkuu amesema mkataba unataka mitihani inayojulikana, haukutaja vitunguu. Akanipa ripoti yake nitie saini. Sikutia. Nimeandika ya kwangu, nimeweka kasi zote, za jina na zisizo na jina, na nimeandika wazi kwamba mto utachelewa kama zamani. Hiyo ndiyo niliyotia saini. Mpole akachukua kalamu, akatia yake chini ya yangu, wala hakuombwa. Mkuu akaichukua, akaingia ofisini, akafunga mlango. Kama nitakuwa na meza wiki ijayo sijui. Mashine mpya huenda isinunuliwe mwaka huu, maana yake king'ora chenu kitaendelea kulia kwa kuchelewa, na atakayetoka bondeni atatoka kwa miguu yake tu.

Hapo ndipo nilipokukumbuka, Bibi.

Nilikuambia siku ninayokuja. Nilikuambia hata basi. Nikakukuta juu. Sikukuona ukipanda, wala sikukuona ukishuka. Na Kinyozi mgongo unamuuma.

Sitaki kukubana mbele ya watu, hilo nimejifunza. Nakuuliza wewe peke yako. Siku ile ulifikaje juu?

Maswali


Tarehe 28 Aprili

Mke mwenzangu,

Kinyozi ameisoma barua yako, alipofika kwenye mgongo wake akaanza kukohoa. Kikohozi hicho nakijua. Nikaichukua barua nikampelekea mama wa duka anisomee upya, na nikampa na kopi za zile barua zangu ambazo Kinyozi huziweka. Ndipo nikasikia vijineno vyake vya chini, na kumbe hata pale ulipovitaja kwenye barua yako alikuwa anaruka. Miezi miwili huyu mtu ananiandikia mkia nisioujua! Nimerudi kwake nimemsema mpaka mteja akaondoka na povu shavuni. Leo anaandika, na mama wa duka amekaa hapa pembeni, anasoma kila mstari begani kwake. Simwamini mtu tena, wala wewe, wala mimi mwenyewe.

Haya, chukua. Nilipanda kwa toroli. Lile la mchanga, la mjenzi wa nyuma. Kinyozi alilisukuma alfajiri kabla watu hawajaamka, nimekalia gunia, nimeshika kingo kwa mikono miwili, kila jiwe namtukana. Nikafika, nikanyoosha kanga, nikakungoja. Ulipoondoka tukakaa huko mpaka barabara ilipotulia, ndipo akanishusha. Na ile siku ya king'ora cha majaribio sikufika na wa kwanza, wala na wa mwisho. Nilifika kwenye duka la Kinyozi, nikakaa, na yeye akakaa na mimi, tukasikiliza wenzetu wanahesabiwa huko juu.

Goti halikunji. Asubuhi naliamsha kwa maji ya moto, likiamka ni jioni.

Kwa nini nilikudanganya? Unamkumbuka dada yangu. Yeye naye watoto walimhurumia goti. Wakamchukua kwa mapenzi kabisa, wakamweka chumba kizuri, chenye dirisha linaloangalia ukuta. Alikuwa mtu wa kupigiwa hodi kutwa nzima. Kule hodi alipigiwa na daktari tu. Nilikwenda kumwona akaniuliza, "Leo nani kapita?" Nikajua amekwisha. Mimi hapa nikifungua mlango nagombana na watu kumi kabla ya chai. Wakijua goti halikunji, mjomba wako atakuja na lori siku hiyohiyo. Kitanda ameshapima.

Lakini nimekaa na barua yako chini ya mto. Wewe umetia saini ya kukufukuzisha kazi ili biskuti isiseme uongo kuhusu maji yangu, na mimi mwenye maji nakudanganya kuhusu mguu. Umefanya sawa kukataa ile karatasi, na Mkuu wako akikuondoa, mlango wangu unaujua. Yule kijana wa chai mimi ndiye niliyekutia maneno juu yake. Mwambie yupo bibi mmoja huku, mdomo wake ni mkubwa, anamwomba radhi. Akikataa usimlaumu.

Sasa tupime kweli. Lakini tupime mimi na wewe, halafu tukae tuamue pamoja. Kama ni kupata chumba cha kupanga pale karibu na shule ya juu nigombane na watu wa juu, nitasikiliza. Kama ni watu wawili wenye nguvu wa kupewa jukumu langu siku ya king'ora, nitasikiliza. Chumba cha uani sitasikiliza.

Ukija safari hii, usiniandikie. Usimwambie mjomba wako, na Kinyozi ndiyo usimwambie kabisa, uso wake hauwezi kushika jambo. Njoo siku yoyote utakayo. Usipite barabara ya dukani, pita kule nyuma kwa mjenzi. Ukifika dirishani kwangu piga kelele kwamba maji yanakuja, piga kwa nguvu, nishtuke kweli. Halafu simama kando uniangalie ninavyotoka. Usinishike mkono. Hata nikikuita, usinishike. Nikifika pale nitakapofika, nikashindwa, nitakaa chini. Hapo ndipo uje ukae na mimi.

Bibi yako